Mtawala wangu wa jukwaani anapendwa kuliko wanaomwondoa. Nimekosea wapi?

MwalimuWaZamu

Wapenzi wa tamthilia, hamjambo. Naomba msaada, na msinicheke, maana wiki hii nimeshachekwa vya kutosha.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa huku Kenya. Chama chetu cha Kiswahili kinaandaa onyesho la tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Nimechagua sehemu kadhaa za Kigogo ya Pauline Kea, na sababu yangu haikuwa ya kisanaa hata chembe: vitabu vipo. Tangu watahiniwa wahamie tamthilia nyingine ya mtihani, Bembea ya Maisha, nakala za Kigogo zimelundikana stoo karibu na madebe ya rangi, na panya wameshaanza kuzila kutoka jaladani kwenda ndani. Nikaona heri ziliwe na watoto.

Kwa asiyeijua: Sagamoyo iko mikononi mwa Majoka. Amelifunga Soko la Chapakazi, anasherehekea miaka 60 ya uhuru, anataka mchongaji Sudi amchongee kinyago cha shujaa, na wanaompinga huumizwa au huuawa. Sudi na Tunu hawarudi nyuma, mpaka siku watu wanamgeuka.

Shida yangu ni kijana anayemwigiza Majoka. Ana kipaji ambacho si mimi niliyempa. Nilimkabidhi usinga na koti la marehemu baba yangu, akaliingia kana kwamba fundi alimpima yeye. Kabla ya kuketi hukitazama kiti kwanza, polepole, kama kwamba kiti ndicho kinachongoja ruhusa. Kidato cha pili wakimwona tu wanagonga madawati. Akimfokea Kenga, mshauri wake, wanavunjika mbavu. Akiamuru mtu ashughulikiwe, makofi. Ijumaa alipotoka walimwita arudi, na alirudi, mjinga yule, akawapungia usinga.

Tunu akiingia, watu wanafungua daftari za hesabu. Msichana anayemwigiza alinifuata baada ya mazoezi, macho mekundu. "Mwalimu, mimi ndiye ninayewatetea. Mbona wanangoja nitoke?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu, na haikunipendeza. Mimi ni mtoto wa enzi ya Nyayo, ya Rais Moi. Gwarideni tuliapa utiifu kwa Rais na taifa, sauti moja, hata sisi tuliokuwa hatujui Kiingereza cha kiapo kile. Taarifa ya habari ilifunguliwa na Mtukufu Rais alikoenda siku hiyo na alichosema huko. Baba alipunguza sauti ya redio, hakuizima. Kuizima kungesikika kwa jirani. Na mimi? Mimi nilikuwa na maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni. Lori likionekana barabarani, darasa zima lilipoteza akili. Nilimpenda mtu yule kwa dhati, nilimpenda kwa ulimi. Hadi leo nikionja maziwa ya pakiti yaliyokaa kidogo juani, moyo unafurahi kabla sijawahi kukumbuka kwamba mwaka ule ule mwalimu wetu wa jiografia alikosekana muhula mzima, na hakuna mtu mzima aliyetuambia yuko wapi.

Basi swali ni hili. Nifanyeje watazamaji wamwogope Majoka bila kumnyang'anya kijana wangu vichekesho vyake? Au kosa halipo kwenye mazoezi, lipo kwenye tamthilia zetu zenyewe, kwamba tumezoea kuwachora madikteta wakubwa mno, watamu mno, na wapinzani wao tukawaachia hotuba?

Naibu wa mwalimu mkuu ana dawa yake: nipunguze sehemu za Majoka, "zisichochee". Sijamjibu.

Kichwa_Ngumu

Mwalimu, mimi ni wa kidato cha nne 2021. Kigogo tuliikariri mpaka maudhui yakatutoka puani. Majoka hana shida. Shida ni Tunu anaongea kama mgeni wa heshima siku ya kufunga shule.

Nilikuwa katikati ya Nairobi tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano. Sikumsikia mtu akihutubia. Mbele yetu kulikuwa na msichana mmoja, jina lake silijui hadi leo, kila vitoza machozi vikirushwa alikuwa na neno la kuchekesha la kutupa, tunakohoa huku tunacheka, na tukishacheka tunajikuta tumerudi pale pale. Mabango yalikuwa ya utani mtupu. Watu walimfuata anayewachekesha.

Wewe umempa Majoka utani wote, Tunu umemwachia maadili. Wagawie.

MzeeNakivubo

Mwalimu, nakusalimu kutoka Mwanza, ila nilikulia Kampala. Nilikuwa na miaka tisa Idi Amin alipochukua nchi, Januari 1971. Kwa hiyo nina la kusema juu ya kumcheka mtawala.

Tulimcheka. Wazungu walimcheka kutuzidi. Alijivika cheo cha Mshindi wa Dola ya Uingereza, na mwaka 1975 akabebwa mabegani mwa Waingereza, yeye kitini, wao wanatoka jasho, picha ikazunguka dunia. Baba yangu alikuwa amepoteza shemeji mikononi mwa watu wa mtu huyo. Alipoiona picha ile gazetini alicheka. Alicheka kweli, akapiga paja. Kisha akanyamaza, akainuka, akafunga dirisha. Nimeishi na mlio wa komeo lile zaidi ya miaka 50.

Kwa hiyo usikubali kupunguza vichekesho. Wole Soyinka wa Nigeria aliliona jambo hili vizuri katika tamthilia yake A Play of Giants, ya 1984. Pale yupo Kamini, ambaye ni Amin asiye na kificho, na wenzake wamefanana na Bokassa wa Afrika ya Kati, Mobutu wa Zaire na Nguema wa Guinea ya Ikweta. Wamekusanyika New York, katika ubalozi wa nchi ya Kamini, wanachongwa sanamu. Anakuja mwenyekiti wa benki kuu ya nchi, anateleza ulimi, anasema pesa yao haina thamani kuliko karatasi ya chooni. Kamini anaamuru kichwa chake kitumbukizwe kwenye bakuli la choo, na kila tangi likijaa, maji yavutwe. Sasa sikiliza: mazungumzo yanaendelea. Wakubwa wanajadili madaraka kwa lugha ya kifalsafa, wanachekesha kwelikweli, na huko nyuma choo kinavutwa. Kimya kidogo. Kinavutwa tena. Mtazamaji anaanza kucheka huku anahesabu.

Hata mchongaji mwenyewe anaropoka mahali pasipofaa, na baadaye tunamwona amefungwa bendeji, anaendelea na kazi. Wahenga wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Wahenga hao hawakuishi Kampala.

Kwa hiyo mwache Majoka awe mtamu, ila tafuta sauti moja ya pembeni isiyokoma.

Na usisahau kwamba mchezo huu umewahi kugharimu watu. Byron Kawadwa alikuwa mkuu wa jumba la taifa la michezo ya kuigiza kule kwetu. Alipeleka Oluyimba lwa Wankoko Lagos, kwenye tamasha kubwa la FESTAC la 1977. Aliporudi alikamatwa na kuuawa mwaka huo huo. Mchezo wenyewe ni wa nyimbo na jogoo. Mama yangu aliziimba nyimbo zile jikoni, bila maneno, sauti tu, kwa pua.

Kijana Kichwa_Ngumu, nimekusoma. Una haki. Lakini huyo msichana wenu alikuwa na bahati ya kuchekesha mbele ya simu elfu moja zinazorekodi. Sisi tulichekesha mbele ya dirisha.

BintiGombani

Asalaam aleikum. Mwalimu, huku kwetu Pemba mtu akitaja Giningi haulizwi iko wapi. Bibi yangu alikuwa halitamki jina hilo baada ya magharibi. Ni mji wa wachawi, huuoni kwa macho haya, na aliyechukuliwa huko nyinyi mnamzika kumbe mwenyewe yuko, anatumikishwa.

Said Ahmed Mohamed akauchukua mji huo akaupandisha jukwaani katika Kivuli Kinaishi, mwaka 1990. Mtawala wa Giningi ni mwanamke, Bi Kirembwe, na silaha yake kubwa si bunduki. Ni unga wa ndere. Watu wakishaupata wanakubali. Kisha anatokea Mtolewa, ambaye haumkolei kama unavyowakolea wenziwe, na mambo yanaanza kuharibika.

Tuliicheza chuoni. Niliyekuwa nikiigiza Bi Kirembwe ni mimi, na nakwambia wallahi, siku za mwanzo nilijitahidi kutisha mpaka sauti ikanikauka, na watu wakawa wanacheka tu. Mwalimu wetu akaniambia niache kutisha kabisa. Akawageukia wale wenzangu waliokuwa watu wa Giningi, akawapa sharti moja: hakuna kunitazama usoni. Nikipita, macho yashuke hadi kwenye miguu yangu yakae hapo, na nikigeuka, miguu yao igeuke kabla ya vichwa vyao. Hakusema zaidi. Nilinong'ona onyesho zima na ukumbi ulikuwa kimya mpaka unasikia feni.

Kwa hiyo kijana wako usimguse. Waguse wanaomzunguka. Kenga humtazama vipi? Walinzi je? Kama na wao wanacheka pamoja na ukumbi, basi ukumbi umepata ruhusa.

La pili, na hili ni la ugomvi kidogo. Mimi Kigogo inanipunguka mwishoni. Yule mkuu wa polisi, Kingi, anaamriwa awapige watu risasi anakataa, na Majoka kwisha habari yake. Nilipoisoma nilisema, mashaallah, wepesi ulioje! Wapi kulikuwa hivyo? Mwenzake Majoka, Bi Kirembwe, jina tu la mchezo limeshamjibu: kivuli kinaishi.

MwalimuWaZamu

Dada, nashukuru, hilo la macho nimelijaribu leo wakati wa mapumziko, kesho nitawaambia lilivyokuwa. Lakini la Kingi usinitaje mbele za watoto. Katika mazoezi yangu, kijana anayemwigiza Kingi anapokataa amri, ndipo mahali pekee kidato cha pili wanapozomea. Wanamzomea Kingi! Wameona amemsaliti rafiki yao.

Mzee, kuhusu gharama, umenikumbusha jukwaa la kijiji cha Kamiriithu, hapa Limuru. Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu, ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, kibali kikafutwa tarehe 16 Novemba, na kabla ya mwaka kwisha Ngugi wa Thiong'o akachukuliwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima. Machi 1982 jukwaa lenyewe, walilolijenga wanakijiji, likabomolewa. Jambo linalonitesa ni hili: ndani ya mchezo ule hakuna rais. Hakuna usinga, hakuna ikulu. Kuna mkulima Kiguunda na mkewe Wangeci, tajiri Kioi, na hati ya shamba la ekari moja na nusu imetundikwa ukutani kama picha ya Yesu. Tamthilia iliyoiuma serikali kuliko zote haina mtawala hata wa dawa. Sasa mimi hapa nahangaika na koti la baba.

FundiTaa

Mwalimu shikamoo, na wakubwa wote humu. Mimi si msomi. Nilijifunza Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa, na kwa miaka mingi sasa ni fundi wa taa na mtunza vifaa vya jukwaani hapa Dar. Mwelekezi atakuambia mchezo unahusu nini. Mtunza vifaa atakuambia unahusu nini kwelikweli, kwa sababu ndiye anayetumwa sokoni.

Nimesoma maswali yenu nikaenda kuangalia madaftari yangu ya vifaa. Katika michezo ya madikteta huwa naandika nini? Usinga, miwani, bunduki za mbao, hayo ni ya kawaida, yapo kabatini. Lakini kila mara kuna chakula. Nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hilo mpaka wewe ulipotaja maziwa ya Nyayo.

Kongi's Harvest ya Soyinka: kiazi kikuu kipya. Mchezo mzima unagombania nani apokee kiazi cha kwanza cha mavuno mbele ya watu, mfalme wa jadi Danlola au Kongi aliyejipa nchi. Na Kongi mwenyewe muda wote huo yuko mlimani anafunga! Anafunga kula huku anapigwa picha. Mwisho wa karamu mwanamke aitwaye Segi anamletea chombo kilichofunikwa, kikifunuliwa ndani kuna kichwa cha baba yake Segi. Hicho kichwa nimekitengeneza kwa karatasi na gundi mara moja maishani, sikulala vizuri.

Betrayal in the City ya Francis Imbuga, ya 1976, ambayo wengine mmeisoma kama Usaliti Mjini: maziwa, Mwalimu. Maziwa! Mulili, ndugu yake Boss, anataka zabuni ya kupeleka maziwa chuo kikuu. Mshindani wake ni Kabito. Mulili anampelekea Boss maneno ya uongo, na Kabito anauawa. Mtu anakufa kwa sababu ya maziwa, na hakuna siasa yoyote hapo, hakuna itikadi. Na huyo Boss, mtawala wa Kafira, Imbuga hana haraka ya kumleta jukwaani. Mchezo unafunguliwa kaburini, mzee Doga na mkewe Nina wanamlilia mtoto wao Adika aliyepigwa risasi kwenye maandamano, wanataka wanyolewe kama mila inavyotaka, na askari wanakuja kuwazuia wasinyolewe. Kunyolewa tu. Ukishaona serikali inaogopa wembe wa wazee wawili, Boss akija hana haja ya kutisha, anaweza hata kuwa mpole, na kweli ana upole fulani. Halafu wafungwa wanaandaa mchezo wa kumpokea mgeni wa serikali, bunduki za jukwaani zinakuwa za kweli, Mulili anaulizwa Boss afanywe nini, naye anasema auawe. Yule yule aliyekuwa anakula kwake.

Sasa nakuja kwako. Kigogo onyesho la kwanza, pale karakana. Boza, Kombe na Sudi wanachonga. Kenga anawaletea nini?

Keki. Keki ya uhuru. Boza na Kombe wanaipokea wanakula, Sudi anaikataa.

Keki yako iko wapi, Mwalimu? Umeandika kuhusu koti, usinga, kiti, macho ya Kenga, na hujaitaja keki hata mara moja. Wakati wa mazoezi mnatumia nini?

MwalimuWaZamu

Marahaba. Naona haya kukujibu. Tunatumia dasta ya ubao iliyofungwa kwa karatasi ya kaki. Boza anaipeleka mdomoni anasema "mmh".

FundiTaa

Dasta!

Mwalimu, nenda kanunue keki. Ya kweli, yenye sukari juu, si mkate. Fanyeni mazoezi kabla ya chakula cha mchana, watazamaji wakiwa na njaa. Mwambie huyo Boza asiharakishe. Aile yote. Hakuna mtu kusema neno mpaka amalize kipande cha kwanza. Taa huna, najua, basi fungua dirisha la upande wake, funga la upande wa Sudi. Na Sudi asimtazame, achonge. Sauti ya patasi ndiyo ile sauti ya pembeni anayoitaka Mzee.

Kitu kimoja cha ufundi: keki ikauke kidogo. Keki kavu hukwama mdomoni. Utaona faida yake.

Kichwa_Ngumu

Nawaona wazee mmehama kutoka siasa mpaka upishi. Lakini nimeelewa. Kwetu wakati wa kampeni ni unga, pakiti za kilo mbili. Hakuna anayepigia makofi hotuba, watu wanatazama gari la nyuma.

MwalimuWaZamu

Nimerudi kutoa ripoti, niliahidi.

Nilinunua keki Jumanne, nikaiacha usiku kucha bila kufunikwa kama Fundi alivyoagiza. Mazoezi saa sita kasoro robo, kidato cha pili wote wameketi sakafuni, harufu ya maharagwe inatoka jikoni.

Kenga akaingia na sinia. Ukumbi ukasema "aaah" kwa sauti moja, kama nilivyokuwa nikisema mimi nikiliona lori. Boza akakata kipande. Ni kijana mwembamba, mtulivu, nilimpa nafasi hiyo kwa sababu hakuna nyingine iliyobaki. Akaanza kula, na nilikuwa nimemwambia asiharakishe, akanitii kupita kiasi. Alikula kidogo kidogo. Akaokota chembe kwenye shati, moja moja. Upande wa pili Sudi anagonga patasi yake, ko, ko, ko, kwenye gogo la mpera tulilolitoa nyuma ya vyoo. Hakuna aliyecheka. Watoto walikuwa wanamtazama mdomo.

Mvulana mmoja wa mbele akashindwa, akaita, "Boza, tubakishie!" Kicheko. Na Boza, jambo hili halimo kitabuni wala sikumfundisha, akamgeukia, akanyoosha mkono wenye keki mpaka karibu kabisa na pua yake. Mvulana akainua mkono. Boza akairudisha akaitia mdomoni yote.

Hapo ndipo Kenga alipotakiwa kumsemesha. Mdomo wa Boza umejaa keki kavu, hawezi kutafuna mbele ya mkubwa, hawezi kumeza, hawezi kutema. Alisimama hivyo, mashavu yamevimba, macho kwenye viatu vya Kenga (dada wa Gombani, umeliona hilo?), anaitikia kwa kichwa kila Kenga anachosema. Kila kitu. Machozi yalikuwa yanamtoka, nadhani ni kwa kukabwa. Nilisikia msichana nyuma yangu akisema polepole, "Meza basi."

Majoka alipoingia baadaye walicheka, ndiyo, kijana ni mchekeshaji na atabaki kuwa mchekeshaji. Lakini makofi ya zile amri yalikuja yamechelewa, wachache wakaanza, wakatazamana. Kingi alipokataa kupiga risasi walizomea kama kawaida. Hilo sijalipatia dawa.

Tunu nimempa utani mmoja, Kichwa_Ngumu, wa kwake mwenyewe, alioutunga kuhusu koti la Majoka kuwa na mifuko mingi kuliko wananchi. Si utani mkubwa. Aliutoa akaona watu wanaungoja wa pili, hotuba yake ikapita katikati bila mtu kufungua daftari la hesabu.

Naibu wa mwalimu mkuu alikuja akasimama mlangoni dakika chache. Akaniuliza kama keki imetoka kwenye bajeti ya chama. Nikamwambia ni yangu. Hakutaja tena mambo ya kupunguza sehemu.

Kulibaki kipande kimoja cha kutumia Alhamisi. Nilikifunika kwa daftari la mahudhurio juu ya meza yangu stafurumu, nikaenda kufunga ukumbi. Niliporudi, daftari lipo.

FundiTaa

Nunua mbili.